Simu ya Jumamosi Jioni Mjini Akron

Jumamosi jioni, tarehe 11 Mei 1935, mtu mmoja mrefu, mwembamba, alikuwa akienda na kurudi katika ukumbi wa mapokezi wa hoteli ya Mayflower mjini Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Mfukoni alikuwa na dola kama 10 hivi. Shughuli iliyomleta kutoka New York, ugomvi wa wenye hisa wa kampuni moja ya mashine za kutengenezea mpira, ilikuwa imemwendea kombo. Wenzake walikwisha kurudi makwao, yeye akabaki na bili ya hoteli. Upande mmoja wa ukumbi ule palikuwa na baa, nayo ilikuwa imeanza kuchangamka: vicheko, mazungumzo, mlio wa bilauri. Upande wa pili palikuwa na simu, na karibu yake orodha ya makanisa ya mji ule.

Mtu huyo alikuwa William Griffith Wilson, wenzake wakimwita Bill. Alikuwa na umri wa miaka 39, na ilikuwa miezi mitano tu tangu aiache pombe. Baadaye alisimulia kwamba wazo lilimjia aingie baani, anywe soda, labda apate mtu wa kupiga naye soga. Halafu akashikwa na hofu. Yeyote aliyewahi kuishi nyumba moja na mlevi anajua soda ya namna hiyo huishia wapi. Akageuka, akaiendea simu, akachagua jina moja katika orodha, la mchungaji Walter Tunks wa kanisa la Episkopali, akampigia. Ombi lake lilikuwa la ajabu. Hakuomba sala wala nauli. Aliomba aunganishwe na mlevi, mlevi hasa, aliyeshindwa kujinasua, ili akae naye wazungumze.

Ninataka kulisimulia ombi hilo na yaliyolitangulia na yaliyolifuata, kwa sababu kwetu tumezoea kumwambia mlevi "jikaze", kama vile ulevi ni mzigo ambao mtu huutua kwa nguvu za mabega yake peke yake. Wilson alikuwa amejikaza miaka. Jioni ile alikwisha kujua kwamba kujikaza hakumtoshi, na kwamba kilichomweka mbali na baa ni mlevi mwingine ambaye hata jina lake hakulijua.

Alizaliwa East Dorset, kijiji cha Vermont, mwaka 1895. Alikuwa ofisa wa jeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na pombe aliianza akiwa jeshini. Mwenyewe alisema glasi za mwanzo zilimfanya ajione kwa mara ya kwanza ni mtu mwenye nafasi yake mbele za watu. Akawa mchambuzi wa hisa Wall Street, akapata fedha nyingi, akazipoteza soko lilipoanguka mwaka 1929. Marekani ilikuwa imepiga pombe marufuku kuanzia 1920 hadi 1933, na miaka hiyo hiyo ndiyo aliyozama. Sheria haikumpunguzia hata tone. Mkewe, Lois, alikwenda kufanya kazi ya kuuza dukani ili wapate kula, nao wakaishi katika nyumba ya wazazi wa Lois, namba 182 mtaa wa Clinton, Brooklyn. Lois alirudi jioni baada ya jioni asijue atamkuta mumewe kitandani, sakafuni au barazani.

Mwezi Novemba 1934, rafiki yake wa ujanani, Ebby Thacher, alimpigia simu kwamba anakuja kumwona. Bill alifurahi: mlevi mwenzake anakuja, watakunywa. Akaweka mezani, pale jikoni, pombe ya jin na maji ya nanasi. Ebby akaingia, macho meupe, uso mkavu, akaisukuma glasi kando. Alikuwa amenusurika kufungiwa huko Vermont kwa ulevi wake, baada ya watu watatu wa Oxford Group kumwendea. Hicho kilikuwa kikundi cha Kikristo kilichoanzishwa na mchungaji wa Kilutheri, Frank Buchman. Wafuasi wake walifundisha kukiri makosa mbele ya mwenzako, kulipa uliowadhulumu, kusali kimya na kumpelekea mwingine ulichokipata. Ebby hakuhubiri. Alieleza yaliyomkuta, akanyamaza.

Bill hakuacha siku ile. Aliendelea kunywa wiki kadhaa, lakini, kwa maneno yake, kila glasi sasa ilikuwa na uso wa Ebby ng'ambo ya meza. Tarehe 11 Desemba akaingia kwa mara ya mwisho hospitali ya Towns, New York, njiani akinywa bia. Humo, akiwa katika shimo la kukata tamaa, aliona chumba kimejaa mwanga na akahisi amani asiyowahi kuijua. Alidhani amerukwa na akili. Daktari wake, William Silkworth, akamwambia kwamba akili yake ni nzima, na kwamba lolote alilopata alishikilie. Silkworth alikuwa mmoja wa madaktari wachache wa wakati ule waliouita ulevi ugonjwa: mwili usioweza kupokea pombe kama miili ya wengine, pamoja na akili isiyoweza kuacha kuitamani.

Ikafuata miezi mitano ya kushindwa, na hapa ndipo ninapopenda zaidi, maana wasimuliaji wengi huipita mbio. Bill alitoka hospitalini na moto wa mlokole mpya. Alikwenda kwenye nyumba za hisani, akarudi Towns kwa wagonjwa, akawaleta walevi nyumbani mtaa wa Clinton wakala na kulala, akiwaeleza juu ya ule mwanga. Hakuna hata mmoja aliyeacha pombe. Alipomlalamikia Lois kwamba kazi yote imekwenda bure, Lois akamkumbusha kwamba yupo mmoja ambaye hajanywa tangu aanze kuwahangaikia walevi: yeye mwenyewe. Silkworth naye akampa shauri la kidaktari. Aache mahubiri. Aanze na ugonjwa; awaambie jinsi kiu ile inavyomfunga mtu na mwili unavyomsaliti, kwa sababu hayo akiyasema mlevi wataamini. Ya Mungu yatafuata.

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Shauri la Silkworth ndilo hilo hilo, limevaa koti la daktari.

Basi turudi kwenye simu. Mchungaji Tunks alimpa Bill majina kama 10. Akapiga moja baada ya jingine. Huyu hayupo, yule anatoka. Mwisho akafikishwa kwa Henrietta Seiberling, mke wa mtoto wa Frank Seiberling, mwanzilishi wa kampuni ya matairi ya Goodyear. Mama huyu aliishi na watoto wake katika nyumba ndogo ya langoni kwenye kasri la wakwe zake, Stan Hywet. Hakuwa mlevi, lakini alikuwa wa Oxford Group, na kwa majuma kadhaa yeye na wenzake walikuwa wakimwombea daktari mmoja aliyekiri mbele yao kwamba anakunywa kwa siri na hawezi kuacha. Sauti ya mgeni asiyemjua iliposema ni mlevi kutoka New York anayetafuta mlevi, Henrietta aliichukulia kuwa ndilo jibu la sala zao.

Daktari huyo ni Robert Holbrook Smith, wenzake wakimwita Bob, mzaliwa wa Vermont kama Bill, mpasuaji, umri miaka 55. Jioni ile ya Jumamosi hakuweza kuja. Kesho yake ilikuwa Siku ya Akina Mama. Alikuwa amemletea mkewe, Anne, mmea kwenye chungu, akauweka mezani, kisha akalala chini ya meza, chakari.

Ulevi wa Dk. Bob ulikuwa wa mtu mwenye ratiba. Asubuhi alimeza dawa za kutuliza mishipa ili mikono isitetemeke mbele ya mgonjwa, akavumilia hadi saa 10 jioni, kisha akanywa. Chupa alizificha kwenye pipa la makaa ya mawe, juu ya fremu za milango, katika mihimili ya ghala la chini. Kwa muda alizitia ndogo ndogo ndani ya soksi, chini ya suruali, hadi yeye na mkewe walipokwenda sinema kutazama Tugboat Annie, filamu ya mwaka 1933 iliyoonyesha mbinu hiyo hiyo. Kutoka hapo, mbinu ya soksi ikawa imefichuka. Anne hakuwa mjinga. Alikuwa mke anayempenda mtu anayekufa mbele yake polepole, na mtoto wao wa kiume na wa kike walikua wakilisikia hilo ukutani.

Jumapili tarehe 12 Mei, saa 11 jioni, Bob alifika nyumba ya langoni, Anne na kijana wao wakiwa pamoja naye. Alikuwa na hangova mbaya na alikwisha kumwambia mkewe: dakika 15, basi. Henrietta akawaandalia chakula; Bob hakuweza kula, arosto ilimbana. Akawaingiza Bob na Bill katika chumba kidogo cha vitabu, akawaacha. Walitoka saa 5 na robo usiku.

Walichozungumza kwa saa sita na zaidi hakikuandikwa na mtu, lakini wote wawili walieleza baadaye kilichobadilika. Bob alikuwa amesoma karibu kila kitu kilichopatikana juu ya ulevi. Alikuwa amehudhuria mikutano ya Oxford Group kwa miaka miwili na nusu, akisali, akisoma Biblia, akirudi nyumbani kunywa. Hakuna jambo la dini ambalo Bill angemfundisha. Ila Bill hakuja kumfundisha. Alimwambia waziwazi kwamba amekuja kwa ajili ya nafsi yake, kwamba asipozungumza na mlevi atakunywa. Kisha akamsimulia yake: kuficha chupa, kuzimua asubuhi, ahadi zilizoandikwa katika Biblia ya familia na kuvunjwa. Bob alisema ndiye mtu wa kwanza aliyepata kuzungumza naye ambaye alijua ulevi kwa kuuishi. Alizungumza lugha yake.

Kuna siri katika jambo hilo ambayo msaada wa kawaida hauna. Anayekuja kukusaidia akiwa juu, wewe uko chini, hukuachia deni. Anayekuja akikuhitaji hukupa heshima. Bob, ambaye kwa miaka alikuwa mtu wa kuombewa na kuonewa huruma, usiku ule alikuwa dawa ya mtu mwingine.

Bill akahamia nyumbani kwa akina Smith, namba 855 Ardmore Avenue, akakaa nao kiangazi kizima. Asubuhi Anne aliwasomea Biblia, hasa Waraka wa Yakobo, wakinywa kahawa. Mwezi Juni Bob akaenda kwenye mkutano wa madaktari huko Atlantic City, akaanza kunywa kwenye treni. Akapotea siku kadhaa. Aliporudi alikuwa hajiwezi, na siku chache mbele yake alikuwa na upasuaji wa kufanya. Bill na Anne wakamuuguza kwa zamu. Asubuhi ya upasuaji Bill akampeleka kwa gari hadi hospitalini, na kabla hajashuka akampa chupa moja ya bia ya kutuliza mikono. Wakasubiri nyumbani. Saa zikapita. Simu ilipolia, mgonjwa alikuwa mzima, lakini Bob hakuja moja kwa moja. Alizunguka mji mzima akiwaendea watu aliowakwepa kwa miaka, wadai wake na wale aliowakosea, akiwaeleza ukweli na kuwaomba awalipe. Bia ile ilikuwa pombe yake ya mwisho. Jumuiya iliyotokana na wawili hao huhesabu tarehe hiyo kuwa 10 Juni 1935, na huiita siku yake ya kuzaliwa.

Wiki kadhaa baadaye wawili hao walipiga simu hospitali ya Akron City, wakauliza kama kuna mlevi. Alikuwapo: wakili, aliyeletwa mara sita katika miezi minne, ambaye safari hii alikuwa amewapiga wauguzi wawili na kufungwa kamba kitandani. Jina lake Bill Dotson. Wakaketi pembeni mwa kitanda, wakasimulia yao. Dotson alikuwa mtu wa kanisa, akawaambia ameshachelewa, Mungu hawezi kumtaka tena. Hawakubishana naye. Wakarudi kesho yake, na siku iliyofuata. Walipoingia mara hii, mkewe alikuwa kando ya kitanda, na Dotson akamwonyesha kwa kidole: hawa ndio wale niliokuambia, wanaofahamu. Tarehe 4 Julai akatoka hospitalini, na hakunywa tena hadi alipokufa mwaka 1954. Watu watatu sasa. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, na mtu wa tatu ndiye aliyeonyesha kwamba moto unaweza kupita kutoka kwa wawili kwenda kwa mwingine.

Haukusambaa haraka. Mwezi Novemba 1937 Bill na Bob walikaa sebuleni Ardmore Avenue, wakahesabu kwa vidole waliokaa bila pombe Akron na New York. Wakapata zaidi kidogo ya 40. Katika miaka miwili na nusu walikuwa wamewaendea watu wengi kupita hao. Walio wengi walirudi kwenye chupa, na baadhi walikufa, mmoja kwa kujiua ndani ya nyumba ya Bill mwenyewe. Hata hivyo, wale 40 walikuwa watu ambao madaktari walikwisha kuwakatia tamaa.

Likaja swali la fedha. Bill, mtu wa Wall Street, aliwaza hospitali, wahubiri wanaolipwa mshahara, na kitabu. Watu wa tajiri John D. Rockefeller Mdogo walipelekewa ombi la dola 50,000. Rockefeller akavutiwa sana, akatoa 5,000, akasema fedha nyingi zitaiharibu kazi hii. Sehemu kubwa ililipia mkopo wa nyumba ya Dk. Bob, ambaye kazi yake ya udaktari ilikuwa imeanguka. Bill alisononeka. Baada ya miaka alikiri kwamba tajiri yule aliwanusuru.

Kitabu kilitoka Aprili 1939. Jina lake, Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotaja majina yao, likawa jina la jumuiya yenyewe. Hatua 12 za kuacha pombe zilizomo ndani yake Bill aliziandika Desemba 1938, akiwa amelala kitandani mtaa wa Clinton, kwa muda wa kama nusu saa: kukubali kwamba umeshindwa, kumtegemea aliye juu yako, kujipima, kukiri, kulipa uliowakosea, na ya mwisho, kuwapelekea wengine. Ugomvi juu yake uliendelea majuma. Wengine walitaka kitabu cha Kikristo hasa. Wengine, wakiongozwa na muuzaji mmoja asiyeamini, Jim Burwell, hawakutaka Mungu atajwe. Suluhu ikawa kuongeza maneno machache kwamba ni Mungu kama kila mtu anavyomfahamu. Maneno hayo machache yaliwafungulia mlango Wayahudi, Waislamu, Wahindu na wasio na dini, na kwa maoni yangu hakuna sentensi ya kitabu kile iliyookoa watu wengi zaidi. Kilichapwa kwa karatasi nene ili mnunuzi aone amepata thamani ya dola zake tatu na nusu, ndiyo maana mpaka leo kinaitwa kile Kitabu Kikubwa. Hakikununuliwa. Kilijaa ghalani, na mwezi huo huo benki ikawatoa Bill na Lois katika nyumba ya Clinton. Wakahamahama kwa marafiki karibu miaka miwili.

Agosti 1939, katika hospitali ya Mtakatifu Thomas, Akron, Dk. Bob alimwendea mtawa aliyekuwa akipokea wagonjwa. Sista Ignatia Gavin, mzaliwa wa Ireland, zamani alikuwa mwalimu wa muziki. Alielemewa na kazi hadi akavunjika afya, akapewa meza ya mapokezi kama kazi nyepesi. Hospitali hazikutaka walevi: hawalipi, wanapiga kelele usiku. Bob akamwambia ukweli, na Sista akamwandikisha mgonjwa kwa jina la ugonjwa wa tumbo. Lakini mlevi katika wodi ya watu wawili ni taabu, na Bob alihitaji wageni wake waweze kuingia bila kuhojiwa. Sista akafikiri. Kulikuwa na kijichumba ambamo wauguzi walipangia maua ya wagonjwa na kubadilisha maji ya vyombo. Akapima mlango. Kitanda kikapita. Yule mgonjwa akapona ulevi wake katika chumba cha maua, huku wanaume waliowahi kulala kama yeye wakiingia mmoja mmoja kukaa naye.

Kutoka chumba kile ikazaliwa wodi, na Bob hakuwatoza hao wagonjwa ada yake. Yeye na Sista waliwahudumia walevi wapatao 5,000 hadi Bob alipofariki. Kila aliyetoka, Sista alimpa nishani ndogo ya Moyo Mtakatifu kwa sharti moja: kabla ya kunywa glasi ya kwanza, airudishe mkononi mwake. Fikiria mtu amesimama mlangoni mwa kilabu usiku, nishani ile imo mfukoni.

Tarehe 1 Machi 1941 gazeti la Saturday Evening Post lilichapisha makala ya Jack Alexander, mwandishi aliyekwenda akitarajia kufichua utapeli na akarudi ameamini. Mwaka ulianza na wanachama kama 2,000, ukaisha na 8,000. Barua zilimiminika. Na pamoja na watu yakaja mashaka: vikundi vilitunga masharti ya nani aingie. Wanawake walipokelewa kwa kusitasita. Marty Mann, aliyefika Clinton mwaka 1939, alilazimika kuwaonyesha wanaume kwamba mwanamke naye huwa mlevi na hupona. Weusi walifungiwa milango sehemu nyingi, wakaanzisha vikundi vyao, cha Washington kikiwa miongoni mwa vya mwanzo, mwaka 1945. Ubaguzi wa nchi ile uliingia hata katika vyumba vya watu waliofungwa mnyororo mmoja, na hilo ni doa lisilofutika kwa kusifu.

Wakati huo ndipo Bill aliposoma habari za Wawashingtoni, nazo zikamtisha. Karibu miaka 100 kabla yake, tarehe 2 Aprili 1840, wanywaji sita wa kilabu cha Chase mjini Baltimore, miongoni mwao fundi cherehani, seremala na mfua fedha, walikula yamini ya kuacha pombe, wakakiita chama chao kwa jina la George Washington. Mikutano yao haikuwa ya hotuba za mapadri. Mlevi alisimama akasimulia maisha yake, na mwingine akasimama baada yake. Ilikuwa dawa ile ile! Katika miaka michache malaki ya watu walikuwa wametia saini ahadi, na mwanasheria kijana aitwaye Abraham Lincoln aliwahutubia huko Springfield tarehe 22 Februari 1842. Kabla muongo haujaisha chama kilikuwa kimekwisha kufa. Walikuwa wameingiza kila mtu, hata wasiowahi kulewa. Wakabebwa na siasa za kupiga pombe marufuku. Wasemaji wao wakawa nyota, na nyota alipoanguka na kulewa magazeti yakashangilia. Waliokuja kutafuta wenzao walikuta jukwaa.

Kwa hofu hiyo Bill akaandika Mapokeo 12, yaliyotangazwa mwaka 1946. Kinachotakiwa kwa mwanachama ni kitu kimoja, nia ya kuacha kunywa. Kikundi kina lengo moja, kumfikishia ujumbe mlevi anayeteseka bado. Hakipokei misaada ya nje. Kofia inazungushwa, basi. Hakitoi maoni juu ya siasa wala juu ya sheria za pombe. Hakuna rais wa kuamrisha, na mbele ya magazeti na redio majina kamili hayatajwi. Wengi walipinga, walitaka kukua kwa kishindo. Julai 1950, Cleveland, watu wapatao 3,000 walikubaliana na mapokeo hayo. Dk. Bob, saratani imemla amebaki mifupa, alisimama kwa dakika chache, akawasihi wasiligeuze jambo hili kuwa gumu, akasema likikamuliwa hubaki upendo na huduma, na wauchunge ulimi. Akafariki tarehe 16 Novemba mwaka ule.

Mwaka uliofuata Lois na jirani yake waliunganisha vikundi vya wake, waume na wazazi wa walevi, Al-Anon, kwa sababu aliyelala macho akisubiri mlango ufunguke naye ni mgonjwa wa ugonjwa ule ule.

Ebby Thacher, aliyeuleta ujumbe mezani, alilewa tena na tena kwa karibu miaka 30. Bill hakuacha kumwita mlezi wake, wala hakuacha kumsaidia hadi Ebby alipokufa mwaka 1966, akiwa amekaa bila pombe kwa miaka kama miwili ya mwisho. Na Bill mwenyewe, ambaye alikuwa na mapungufu yake makubwa katika ndoa, na sigara zilizomla mapafu, alipokuwa akikaribia kufa aliomba wiski. Wauguzi waliandika hilo. Miaka 36 baada ya kuacha, kiu ilikuwa bado imemsubiri pembeni ya kitanda. Hakupewa, akafa hajanywa, tarehe 24 Januari 1971. Wanaomwona mraibu aliyepata nafuu na kusema "huyo kashapona" wajue habari hiyo.

Mwaka 2020, watafiti watatu walikusanya tafiti 27, zenye washiriki zaidi ya 10,000, wakakuta kwamba kumfikisha mlevi kwenye vikao hivi humsaidia kukaa bila pombe kabisa sawa na tiba nyingine zilizothibitishwa, au kuzipita. Jumuiya ina wanachama wanaokisiwa kuwa karibu milioni mbili, katika nchi zipatazo 180, na Nairobi ni miongoni mwa miji yenye vikao. Hatua zile zile zilichukuliwa mwaka 1953 na watumiaji wa dawa za kulevya huko California, wakaunda Narcotics Anonymous, na kwa mkondo huo zikafika Zanzibar, ambako waliokuwa wateja wa unga wamefungua soba hausi na kuziendesha wenyewe. Humo kijana aliyetoka kwenye arosto wiki iliyopita anakaa mkekani mbele ya kijana aliyetoka mwaka jana. Mwenye kaka, binti au mume anayeangamia na asijue pa kumpeleka, aanze kwa kumtafutia mtu wa aina hiyo, hata kabla ya kumtafutia maneno.

Bob na Anne Smith wamezikwa makaburi ya Mount Peace, Akron. Jiwe lao lina majina na miaka. Halisemi lolote juu ya walevi. Kila Juni watu huja kwa maelfu mjini humo, wengi kwa pikipiki, wakapita kaburini. Huacha juu ya jiwe sarafu wanazopeana vikaoni kuhesabu muda bila pombe: saa 24, mwezi mmoja, miezi sita, miaka 20.